Saisi na Kamba Mbili

Tulitoka bandani Jamhuri kabla ya malori kuamka,
mimi, Mbithe, na farasi wawili waliostaafu mbio
wasiojua kwamba wamestaafu.
Mmoja ana jina la Kizungu, refu kama risiti ya supamaketi.
Sisi tunamwita Shemeji:
hazoeleki, na kumfukuza huwezi.
Mbithe alimpanda mara tatu uwanjani,
mara tatu wakaja wa mwisho, wakapigiwa makofi ya huruma.
Wa pili ni Zabibu, jike, mlafi, mpole.

Wahenga walisema mpanda farasi wawili hupasuka msamba.
Hawakusema neno juu ya anayekwenda kwa miguu katikati yao,
kamba mkono huu, kamba mkono ule,
miaka kumi na tisa.

Mbwa wa Karen wakatutukana nyuma ya michongoma.
Pale Ngong mjini mtoto akapiga kelele:
“Mama, njoo uone, punda ameoga!”
Shemeji akageuza shingo. Naapa alielewa.

Kutoka mjini, vilima ni mstari wa samawati.
Ukifika, ni mawe.
Ni korongo juu ya korongo, changarawe inayoteleza kama mtama,
na miiba inayokushika shati kama anayekudai.
Shemeji akagoma. Amezoea ardhi iliyopigwa pasi.
Mbithe akashuka, akafungua lijamu,
nami nikatangulia, nikimwonyesha jiwe, kisha jiwe,
kama mtu anayemfundisha babake kusoma:
hapa. Halafu hapa. Hapana, hapa.

Tukapiga hema chini ya mapanga ya upepo,
vuu, vuu, usiku kucha,
kama mtu anayepepeta mchele gizani na haufiki mwisho.
Moto wa leleshwa. Viazi majivuni. Chai iliyoungua.
Zabibu akala kofia ya sufu ya Mbithe, akatafuna polepole,
akitutazama.
Upande mmoja, Nairobi, makaa yaliyomwagika.
Upande wa pili, bonde, na hakuna hata kibiriti.
Huko ndiko fisi alikoitia.

“Mzee Kyalo,” Mbithe akaniuliza, “ushawahi kumpanda?”
“Nani?”
“Yeyote.”
Nikachochea moto. Ulikuwa hauhitaji kuchochewa.

Saa tisa usiku nikazinduka.
Kamba ya Shemeji niliyoifunga kifundoni
ilikuwa imelegea, nyepesi, kama haina kitu mwishoni.
Nikasema, ameenda.
Nikaanza kuhesabu: bei yake, mshahara wangu, miezi,
karo ya Mwende, miezi tena.
Nikaifuata kamba kwa kiganja, upande baada ya upande,
mpaka nikagusa kitu cha moto.

Alikuwa amelala.
Si kule kusinzia kwa bandani, wima,
mguu mmoja umekunjwa kama mlinzi wa benki.
Amelala chini, ubavu mzima, singa kwenye umande,
akikoroma.
Miaka saba nimefagia chini yake,
kwa kufuli, kwa taa, kwa ukuta wa mawe,
sijapata kumwona hivyo.
Farasi hajilazi mahali kama hapa
ila ameridhika kwamba kuna mwingine aliye macho.

Basi nikasimama.
Fisi akaita tena, karibu kidogo.
Zabibu akasogea, akaegemeza kidevu begani mwangu,
kizito, chenye harufu ya sufu.
Kamba huku, kamba kule. Kikohozi nikakimeza.

Kulipopambazuka ukungu ulipanda ukaufuta mji,
taa kwa taa, ukianzia Rongai.
Mbithe akatoa kichwa hemani kuulizia chai.
Nikamwashiria: ngoja.
Miguu ya Shemeji ilikuwa ikitikisika nyasini,
kwato zinapiga hewa, pua imepanuka.
Alikuwa anakimbia mahali.
Kama kuna aliyekuwa mbele yake,
mimi sikumwona.